Mbona Nyumba Nzima Imeugua?
Kijitabu cha afya kwa kaya za Pasiansi

Nyumba nyingi za Pasiansi, hapa Mwanza, ni za kupanga: vyumba vinatazamana kwenye korido moja, choo kimoja, bomba moja uani, na wapangaji wanapokezana kamba ya kuanikia nguo. Katika nyumba ya namna hiyo mmoja akianza kuharisha Jumatatu, ikifika Ijumaa watu wameshaanza kutazamana vibaya. Maneno ya kwanza yanajulikana: tumetiliwa kitu kwenye chakula, au humu ndani kuna mtu ana mkono mbaya. Kanda yetu ya Ziwa inayajua madhara ya maneno hayo. Kuna bibi zetu waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kisa ni macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

Kabla ya kumtafuta mtu, tafuteni siku. Nani alianza, lini, saa ngapi, nani akafuata. Andikeni hata nyuma ya daftari la mtoto. Mpangilio wa siku hizo utawaonyesha pa kuanzia.

Walioanza pamoja

Watu wengi wakishikwa ndani ya saa chache, hawakuambukizana. Hakukuwa na muda wa kuambukizana. Wote wamekutana na kitu kimoja, na mara nyingi kitu hicho ni chakula. Wali uliopikwa usiku ukabaki kwenye sufuria mpaka mchana huzalisha vijidudu vinavyotoa sumu, na mlaji huanza kutapika kati ya saa 1 na saa 6 baada ya kula. Kuupasha moto hakusaidii, kwa sababu vijidudu hufa lakini sumu hubaki. Ndiyo maana baada ya msiba au ubarikio unasikia nusu ya waalikwa wamelala.

Lipo jambo jingine linalosahaulika. Mvua ikinyesha na upepo ukivuma kutoka ziwani, jiko la mkaa huingizwa chumbani, na mlango hufungwa. Mkaa ulioiva hauna moshi, kwa hiyo tunauamini. Kumbe hapo ndipo unapotoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Asubuhi baba, mama na watoto wote vichwa vinawauma, wana kizunguzungu na kichefuchefu, ila hakuna mwenye homa, na wakikaa nje wanapata nafuu. Watu hao wakidhani ni malaria wakarudi kulala palepale, huenda wasiamke. Jiko lisilale ndani. Halina mjadala hilo.

Wanaofuatana

Mmoja leo, wa pili keshokutwa, wa tatu wiki ijayo: hapo ugonjwa unapita kutoka mtu hadi mtu. Mafua huchukua siku 1 hadi 3 kumfikia mwingine. Surua huchukua kama siku 10 hadi 14, na mtoto asiyechanjwa anayelala chumba kimoja na mgonjwa ni nadra asiambukizwe. Upele ni mjanja zaidi, maana anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna, huku akiwagawia wenzake. Ukimtibu mtoto mmoja ukawaacha wanaolala naye, unapoteza dawa. Kaya nzima ipake dawa siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe siku hiyohiyo.

Kisa kikubwa cha namna hii kilitokea ng'ambo ya ziwa hili hili. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, akarudi kijijini kwao Bukoba Vijijini, akaugua, akafa. Waliofuata walikuwa ndugu zake na wahudumu wa afya. Jumla wagonjwa walikuwa 9, na 6 walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Marburg hupita kwenye damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili, kwa hiyo huwapata kwanza wanaouguza na wanaoosha maiti. Upendo wenyewe ndio ulikuwa njia. Ukitazama kwa jicho la uvumi utasema ukoo umelaaniwa. Ukitazama nani alimshika nani, unaona kila hatua.

Ndoo yenye kikombe

Kuhara na kipindupindu huchanganya njia zote mbili: huanza na maji au chakula cha wote, kisha mgonjwa naye huambukiza. Kipindupindu huonekana kuanzia saa chache hadi siku 5 baada ya kuingia mwilini.

Maji ya bomba ya Mwanza hutoka ziwani na hutibiwa kabla ya kufika kwetu. Lakini tazama safari yake ndani ya nyumba. Yanakingwa kwenye dumu lililolazwa jana kwenye tope, yanamiminwa kwenye ndoo yenye mdomo mpana, na juu ya mfuniko kinawekwa kikombe kimoja. Mtoto anatoka chooni, anakizamisha kikombe mpaka vidole viguse maji, anakunywa, anakirudisha. Mama aliyetoka kumsafisha mdogo wa mtoto huyo anafuata. Maji yaliyofika salama yameharibikia sebuleni, na kila chumba kilichochota hapo kinashiriki. Ndoo yenye koki, au dumu la mdomo mwembamba la kumiminia, inafanya kazi kubwa kuliko mahubiri mengi ya usafi. Maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, yakae dakika 30.

Na asiyeugua si lazima awe ndiye mchawi. Mtu anaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu au taifodi asijisikie chochote. Anahitaji sabuni kama wengine.

Kichocho hakiambukizwi kitandani

Familia nzima ikipimwa na kukutwa na kichocho, watu hutenganisha vyombo. Ni bure. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu kandokando ya ziwa. Wanakaya wanaugua pamoja kwa sababu wanaingia maji yaleyale. Dawa yake, prazikwanteli, ipo, ila ukirudi majini unaambukizwa upya. Msijisaidie ziwani, na maji ya ziwa ya kuogea yakae kwenye chombo kilichofunikwa siku 2 kwanza.

Mmoja akianza leo

Anayeharisha aanze kunywa maji ya ORS hapohapo, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kujaza kilima. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida, na zahanati itampa vidonge vya zinki. Kuhara maji kama ya kuoshea mchele, macho kudidimia, au kushindwa kunywa, ni safari ya kituo cha afya usiku huohuo.

Mgonjwa mmoja auguzwe na mtu mmoja, na mtu huyo asipike chakula cha wote. Madirisha yafunguliwe. Anayekohoa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu, na watoto anaokaa nao wapelekwe pia.

Wakiugua wawili au zaidi kwa dalili zinazofanana, mwambieni mhudumu wa afya wa mtaa au mwenyekiti wenu, mkiwa na ile orodha ya siku mkononi. Namba ya Wizara ya Afya ni 199, na kupiga ni bure.