Shamba la Shekeli 17

Andiko kuu: Yeremia 32:6-25
Soma pia: Yeremia 16:1-2, Yeremia 29:10, Ezra 2:1-23



Kuna mistari ya Biblia ambayo wengi wetu huipita mbio. Tukifika kwenye orodha ya majina, bei ya kitu au vipimo vya ukuta, macho yanaruka mpaka tupate ahadi ya kupigia mstari. Juma hili tusiruke. Tutakaa na bei ya shamba moja, hati yake ya kununua, na hesabu ndogo iliyo katika kitabu cha Ezra. Mle ndani kuna somo la imani.

HALI ILIVYOKUWA

Ni mwaka wa 10 wa Sedekia, mfalme wa Yuda. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi, kwenye nyumba ya mfalme, kwa sababu ametangaza wazi kwamba mji utaanguka (32:1-5). Hapo ndipo anapokuja Hanameli, mwana wa ami yake, na kumwambia: ninunulie shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa ni yako.

Hebu tuliangalie shamba lenyewe. Anathothi iko kama kilomita 5 kaskazini mashariki ya Yerusalemu, nje ya kuta, huko huko ambako adui ametawala. Mnunuzi ni mfungwa, hawezi hata kwenda kulikagua. Aliwahi kujaribu kutoka mjini aende nchi ya Benyamini kwa habari ya fungu lake, akakamatwa langoni (37:11-15). Tena watu wa Anathothi ndio waliowahi kupanga kumuua (11:21). Mimi nilisomea biashara, na nakuambia hakuna benki ingelikubali shamba hilo kama dhamana. Na aliyejua zaidi ya wote kwamba nchi itachukuliwa ni Yeremia mwenyewe, kwa maana ndiye aliyekuwa akihubiri hivyo!

Lakini alinunua. Tuone alivyonunua.

1. ALILIPA KWANZA, AKAULIZA BAADAYE

Angalia mpangilio wa mistari. Mstari wa 9, anapima fedha, shekeli 17. Shekeli moja ilikuwa kama gramu 11, kwa hiyo ni takriban gramu 190 za fedha. Mstari wa 10 mpaka 14, anatia sahihi, anapiga muhuri, anaita mashahidi. Halafu mstari wa 16, akiisha kumkabidhi Baruku ile hati, ndipo anaomba.

Na maombi yenyewe usiyaruke. Anaanza kwa kumsifu Mungu aliyeumba mbingu na nchi, ambaye hakuna jambo linalomshinda. Anakumbuka alivyowatoa watu Misri. Lakini akifika mstari wa 24 na 25 sauti inabadilika. Anasema adui ameshafika ukutani, kuna upanga, njaa na tauni, na bado Wewe, Bwana, umeniambia ninunue shamba kwa fedha? Huyo ni nabii, na amechanganyikiwa. Ila hati ilikuwa imeshawekwa sahihi.

Baadhi yetu tunadhani swali linaua imani, kwa hiyo tunatabasamu kanisani na kulia nyumbani. Wengine tunalifanya swali kuwa sababu ya kungoja: nitatii siku nitakapoelewa. Yeremia alitii, kisha akampelekea Mungu swali lake zima zima. Na Mungu hakumkemea. Alimjibu kuanzia mstari wa 26 mpaka mwisho wa sura.

Tahadhari moja, mpendwa. Yeremia hakuwa anacheza kamari. Neno la Bwana lilimjia kwanza, kisha Hanameli akaja vile vile alivyoambiwa, na hapo ndipo akajua kwamba ni neno la Bwana (32:8). Mtu akikuharakisha utoe pesa zako leo leo kwa jina la Bwana, kumbuka kwamba hata nabii alithibitishiwa.

2. IMANI YAKE ILIANDIKA

Sura hii ina maelezo mengi ya ununuzi ambayo mhubiri angeweza kuyaacha. Fedha ilipimwa kwa mizani. Mashahidi walitia sahihi. Wayahudi wote waliokuwa wameketi uwandani waliona. Na hati zilikuwa mbili: moja imefungwa kwa muhuri, nyingine iko wazi. Ile ya wazi inaweza kusomwa. Ile ya muhuri inalinda maneno, ili kesho mtu asije akabadilisha masharti. Kisha Baruku anaambiwa aziweke zote mbili ndani ya chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.

Chombo cha udongo hakikuwa mzaha. Kuanzia mwaka wa 1947, katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, zilipatikana hati za kale, nyingine zikiwa zimewekwa ndani ya mitungi ya udongo. Zilikuwa zimekaa humo karibu miaka 2,000.

Sasa fikiria. Huyu ni mtu anayesikia sauti ya Mungu moja kwa moja, na bado anaita mashahidi. Sisi mara ngapi tumesikia: "Huyu ni ndugu katika Bwana, wakili wa nini?" Ploti inauzwa kwa neno la mdomo, hakuna aliyeenda ofisi ya ardhi kuhakikisha mwenyewe ni nani, hakuna makubaliano yaliyoandikwa. Mzee akilala, watoto wanapigana hata kabla ya matanga kuisha. Halafu tunasema ni shetani! Wakati mwingine ni karatasi tu ilikosekana.

Yeremia aliandika kwa sababu aliamini. Angelikuwa anaona nchi imepotea milele, kutunza hati kungemfaa nini? Mtu anayeweka kitu mtungini anatarajia kwamba siku moja kuna mkono utakaoufungua.

3. ALINUNUA SHAMBA AMBALO HATALILIMA

Tupige hesabu. Yeremia alianza huduma mwaka wa 13 wa Yosia (1:2). Yosia alitawala miaka 31, kwa hiyo hapo ni miaka 18. Ongeza 11 ya Yehoyakimu, na 10 ya Sedekia. Ni karibu miaka 40 ya huduma. Huyu si kijana tena. Na yeye mwenyewe ndiye aliyewaandikia watu wa Babeli kwamba miaka 70 itatimia kwanza ndipo warudishwe (29:10). Alijua kwamba hatakuwepo.

Basi tuseme alikuwa akiwanunulia watoto wake. Watoto gani? Mungu alikuwa amemkataza kuoa na kuzaa mahali pale (16:1-2). Na mji ulipoanguka, mabaki ya watu walimchukua mpaka Misri (43:5-7). Biblia haituonyeshi Yeremia akipanda hata mbegu moja katika shamba la Anathothi.

Swali la kwanza la biashara huwa: faida inamwendea nani? Jibu liko mstari wa 15. Mungu alisema nyumba, mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile. Fedha ya Yeremia ilikuwa ushuhuda kwa watu ambao bado hawajazaliwa.

Wapendwa, tumezoea imani inayoishia kwa jina langu: nyumba yangu, gari langu, safari yangu. Mungu hubariki, amina. Lakini iko imani nyingine. Kuna mama anayeamka saa kumi usiku kwenda sokoni kuchukua mboga ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya karo, na hajui kama atauona mshahara wa kwanza wa huyo mtoto. Kuna mzee anayetoa kwa ajili ya msingi wa kanisa ambalo pengine litaezekwa akiwa ameshatangulia. Kuna mke anayemwombea mume mlevi mwaka wa kumi na tano sasa. Watu wanawauliza: unapata nini? Hawa wako katika shamba la Anathothi.

MUNGU ALIFUNGUA HESABU

Sasa nenda Ezra sura ya 2, ile orodha tunayoiruka kila mwaka. Mwaka wa 538 kabla ya Kristo, Koreshi mfalme wa Uajemi aliruhusu Wayahudi warudi kwao, na Ezra anaorodhesha waliorudi. Jumla ya kusanyiko ni watu 42,360. Sasa soma mstari wa 23: watu wa Anathothi, 128.

Mstari mmoja tu. Ukisoma haraka unaupita. Lakini mji ule uliotaka kumuua nabii, mji ambao mfungwa mmoja aliununulia ushuhuda wakati hakuna aliyeutaka, ulipata watu 128 wa kurudi nyumbani. Yeremia hakuwaona. Mungu aliwahesabu mmoja mmoja.

Kwa hiyo usihukumu utii wako kwa kile unachokiona mwezi huu. Lipa fedha yako, andika hati yako vizuri, peleka swali lako kwa Bwana, na umwachie Yeye mtungi.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni jambo gani Mungu amekuagiza, nawe bado unangoja kuelewa kwanza?
2. Mambo ya familia yako (shamba, akiba, deni) yameandikwa na yana mashahidi? Ni hatua gani utachukua juma hili?
3. Ni nani atakayefaidika na utii wako hata kama wewe hutakuwepo?

TUOMBE

Baba, tunakuletea mashamba yetu ambayo hatuoni faida yake. Tusaidie kutii tukiwa bado na maswali. Tufundishe kuwa waaminifu katika maandishi na katika mizani. Na wale tusiowajua, watakaokuja baada yetu, wakute tumewaachia kitu. Katika jina la Yesu, amina.