Softiboli: Usimwandae Mkimbiaji kwa Kitabu Kimoja

Kocha akiwaandaa wachezaji wake kwa sheria za shule za sekondari za Marekani, yaani NFHS, kisha akaenda kwenye mashindano ya shirikisho la dunia, WBSC, anaweza kupoteza wakimbiaji bila wapinzani kutoka jasho. Vitabu vyao vya sheria vinakubaliana kwa mengi, lakini kwenye besi mna tofauti zinazouma.

Anza na swali la lini mguu uiache besi. Katika mchezo wa kurusha kwa kasi, mkimbiaji huondoka mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji, akiwahi, ametolewa. Mfundishe akitazame kiganja cha mrushaji kinapopita karibu na paja, kwani hapo ndipo mpira huachiwa. Mkono unaozunguka juu ya kichwa usimshughulishe. Ila katika mchezo wa kurusha polepole, zoezi hilo litamponza. Huko, kwa desturi, besi haziibwi: mkimbiaji husubiri mpira upigwe au ufike besi ya nyumbani. USA Softball, chama cha Marekani, huruhusu kuiba katika baadhi ya madaraja, hivyo jina la chama halitoshi, ulizia na daraja.

Panapotatiza zaidi ni mkimbiaji wa badala, yule anayekimbia besi kwa niaba ya mwenzake. NFHS huruhusu mrushaji na mdakaji wakimbiliwe wakati wowote, mradi anayewakimbilia hajacheza katika mechi hiyo, na mtu mmoja hawezi kuwakimbilia wote wawili. Bila benchi, ruhusa hiyo haikufai kitu. WBSC humpa nafasi hiyo mdakaji, tena wachezaji wawili wakiwa wameshatolewa, na kocha hachagui amtakaye: huingia yule ambaye zamu yake ya kupiga iko mbali kuliko wote wasio kwenye besi. Shika orodha yako, anzia jina lililo juu ya aliye zamu ya kupiga, panda jina moja moja hadi ukutane na wa kwanza asiye kwenye besi. Ndiye huyo. Anaweza kuwa mzito kuliko wote, basi mbio za besi mfundishe kila mchezaji.

Kwa WBSC, mechi ya kurusha kwa kasi ikifika awamu ya 8 kwa sare, kila timu huanza na mkimbiaji besi ya pili. Mashindano mengine yana utaratibu wake.

Uliza pia kama besi ya kwanza ni ya rangi mbili. Ikiwa ndivyo, aliyepiga, mpira ukirushwa hapo ili atolewe, aguse ya rangi ya chungwa. Nyeupe ni ya mlinzi. Akigusa nyeupe peke yake, wapinzani wanaweza kukata rufaa akatolewa.

Mpira ukiwa kwa mrushaji ndani ya duara lake, lenye nusu kipenyo cha mita 2.44, mkimbiaji aliye nje ya besi husimama mara moja tu, kisha aamue papo hapo: aende au arudi. Akisitasita, ametolewa.

Kocha, maswali haya yapeleke kwa mwamuzi kabla ya mechi, na majibu uwape wachezaji kabla hawajaingia uwanjani.