SOMO: Kitanda cha Usiku Mmoja

Wapendwa, huko Hispania iko njia ya kale ya mahujaji, Via de la Plata, itokayo Sevilla hata Santiago de Compostela, yapata kilomita 1,000. Wapitao ni wachache. Pengine hutembea kilomita 30 bila kuona kijiji. Jioni hufika kwenye bweni la mahujaji, cheti chao hupigwa mhuri, nao hupewa kitanda. Kwa kawaida ni usiku mmoja tu. Asubuhi humwachia mwingine.

Sisi tuliostaafu ualimu twajua: kiti tulichokalia miaka mingi leo kina mwenyewe. Je, na vyeo vyetu kanisani? Tusome Waebrania 11:13-16, kisha tujiulize: ni nani angojaye nafasi tuliyoing'ang'ania?