Vikate vya Matunda vya Pakiti

Katika maduka ya Uingereza huuzwa vikate vidogo vitamu, vilivyotiwa jamu ya matunda na kufungwa katika pakiti. Juu ya pakiti huchorwa matunda mabivu, na mnunuzi hudhani kwamba atakula matunda. Lakini sheria ya nchi ile humtaka mtengenezaji aandike vitu vyote alivyotia, kilichozidi kwa uzito kikitangulia. Basi asomaye mara nyingi huona kwanza unga wa ngano, sukari na mafuta. Matunda ni machache. Gramu moja ya sukari humpa mtu kilokalori 4 za nguvu, na ya mafuta 9. Walakini sukari ikizidi huozesha meno, na mafuta yakizidi hunenepesha mwili.

Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mwenye busara husoma maandishi kabla ya kuiamini picha.