Tishari, Wimbi na Mzigo Mzito

Swali: Tishari likiyumbishwa na mawimbi, nyaya zinazonyanyua mzigo mzito baharini hazikatiki?

Jibu: Zingekatika kama zingefungwa kwenye sitaha moja kwa moja. Tazama nyambizi ya Urusi, Kursk, iliyozama Agosti 2000 na watu 118, wote wakafa. Oktoba 2001 tishari Giant 4 liliinyanyua kutoka kina cha mita 108 hivi, Bahari ya Barents. Jeki 26 za haidroli zilivuta vifungu vya nyaya za chuma, kila jeki ikikalia silinda za gesi ya naitrojeni. Wimbi likiinua tishari, gesi hubanwa. Likishuka, gesi hutanuka, na nyaya hubaki zimekazwa. Kwangu mimi, hatua ya kutisha zaidi ni kuibandua nyambizi kwenye tope, maana tope hunyonya. Nguvu huongezwa kidogo kidogo, kwa subira.