Mwenye Ng'ombe Mmoja Atajuaje Yuko Kwenye Joto?

Nyumba nyingi hapa Iguhu zina ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, wamefungwa kamba kando ya nepia au wako zizini. Ishara ya uhakika kuliko zote ya joto ni ng'ombe kusimama tuli akipandwa na mwenzake. Sasa aliye peke yake atapandwa na nani? Ndiyo maana joto hupita bila kuonekana, na kila likipita mfugaji hungoja wiki tatu nyingine akikata majani ya bure.

Mtazame alfajiri kabla ya kukamua na tena jioni. Akiwa kwenye joto hatulii: analia, anazunguka kambani, anaacha majani, na maziwa hupungua siku hiyo. Sehemu ya uzazi huvimba kidogo na kuwa nyekundu ndani. Inua mkia utafute ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai. Mara nyingi huwa umekauka kwenye manyoya ya mkia. Ute wenye usaha au harufu mbaya ni ugonjwa. Usimpandishe, mwite daktari wa mifugo.

Joto hudumu saa 12 hadi 18 hivi. Aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni ya siku hiyo. Wa jioni, asubuhi inayofuata. Mpigie mtaalamu wa kupandisha simu mara tu uonapo dalili. Ukiona damu kidogo mkiani, joto limepita siku mbili au tatu. Damu hiyo haisemi kwamba ameshika mimba wala kwamba hajashika.

Fahali wa jirani ni rahisi, lakini anayezunguka boma hadi boma anaweza kusambaza magonjwa ya uzazi. Na ushujaa wa uwanjani tunaoushangilia hapa Ikolomani hausemi lolote kuhusu maziwa ya binti zake.

Andika tarehe, hata kwa chaki mlangoni. Akipandishwa Machi 1, mtazame sana kati ya Machi 19 na 25, kisha tena karibu na Aprili 12. Asiporudi kwenye joto ni dalili njema, ila si uthibitisho: ng'ombe aliyekonda naye huacha kuonyesha joto. Wako wanaosema manyoya yaking'aa ni mimba. Ng'ombe aliyeshiba naye hung'aa. Baada ya siku 60 daktari wa mifugo anaweza kumpima kwa mkono na kukupa jibu.

Mimba huchukua siku 283 hivi, kwa hiyo huyu wa Machi 1 atazaa karibu na Desemba 9. Acha kumkamua mapema Oktoba ili kiwele kipumzike miezi miwili. Akishazaa, mpe siku 60 kabla ya kumpandisha tena, ila anza kuandika tarehe za joto tangu lile la kwanza utakaloliona.