Umeungama. Je, umerudisha?



Chukua mfano huu. Hela ya mtu imeingia kwenye simu yako kimakosa. Mwenyewe akapiga, ukazima simu, ukaitumia yote. Jumamosi umeungama, padre amekuondolea dhambi. Je, yameisha?

Dhambi imeondolewa kweli. Usiitilie shaka huruma ya Mungu. Ila yule mtu bado hana hela yake. Ndiyo maana Katekisimu (namba 1459) inatufundisha kurekebisha madhara kadiri tunavyoweza: kurudisha kilichoibwa, kusafisha jina la tuliyemchafua. Zakayo hakuishia kufurahi kwamba Yesu kaingia kwake. Alisema atarudisha mara nne (Lk 19:8).

"Lakini sina hela sasa hivi." Sawa, anza na kidogo. Muhimu, nia ya kurudisha uwe nayo tangu kwenye kiti cha maungamo. Bila hiyo, majuto yetu yanabaki maneno tu.

Usiku wa leo, unapochunguza dhamiri, usiishie kwenye "nimekosa nini?" Jiulize pia, "nina cha nani?" Kisha mpigie.